Mtoto Aliyeandikwa kwa Jina Langu

Jumatatu, 4 Machi

Katibu ameniambia niandike. Ni yule mzee mwenye kompyuta na mashine ya fotokopi karibu na posta, anayewajazia watu fomu za ubalozi. Anasema maofisa wa viza wanataka kuona kwamba ndoa ina uhai, hasa ndoa ambayo mume yuko nje na mke yuko huku. "Kila mumeo akipiga simu, andika siku, andika saa, andika mmeongea nini. Usidharau daftari, mama. Kuna mtu alipona kwa daftari."

Basi. Leo mume wangu amepiga saa kumi na mbili na nusu jioni. Dakika kumi na moja. Ameuliza hali ya Mama yangu, nikamwambia magoti ya Mama yanaijua mvua kuliko redio. Amesema kwenye ghala lao la nyama wamepewa makoti mapya. Halafu binti yetu Chiriku akaninyang'anya simu, na dakika nane zilizobaki zikawa zake. Ana miaka minane na sijawahi kumwona ameishiwa maneno. Jina hilo hakulipata bure.

Mvua imeanza leo.

Alhamisi, 7 Machi

Hakupiga. Mvua.

Jumanne, 12 Machi

Fomu zimekamilika. Waombaji wawili, mimi na Chiriku, kumfuata mume na baba mwenye kibali cha kuishi huko mwaka wa tatu sasa. Kuna swali moja lililomfanya Katibu anyanyue macho: mtoto huyu umemzaa mwenyewe? Cheti cha kuzaliwa kinasema hivyo. Nikasema ndiyo.

Sikumzaa. Nikishaandika hilo hapa, Katibu hawezi tena kuwaonyesha daftari hili. Basi lisionyeshwe, litakuwa langu tu. Chiriku alizaliwa na mdogo wangu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, akapatwa na kifafa cha mimba, siku ya tatu baada ya kujifungua akafa. Baba wa mtoto hakumtaja. Alisema ni kijana fulani aliyehama mtaa, na tulipombana zaidi aligeukia ukutani. Mimi nilikuwa nimeshatolewa kizazi mwaka huohuo. Nilimtoa mtoto wodini mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika kopo la maziwa, na mume wangu akaenda mwenyewe kwa msajili, akamwandikisha kwa jina lake na langu. Hakuuliza swali hata moja. Mpaka leo wenzangu kazini wakiwasema waume zao mimi hunyamaza, kwa sababu mwanamume wa kumbeba mtoto wa shemeji yake namna ile sijamwona mwingine.

Chiriku hajui. Tulisema atajua akikua.

Jumatano, 20 Machi

Mashine ya kukausha imekufa tena. Huku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tuna mashuka mia mbili na zaidi kwa siku, achilia mbali makoti ya chumba cha upasuaji, na nje mvua haikatiki hata nusu saa. Tumetundika kamba koridoni mpaka mlango wa chumba cha maiti. Sajenti, msimamizi wetu, amesema tujikaze kisabuni. Nikamwambia sabuni yenyewe imekwisha tangu jana. Hakucheka, lakini bega lilimtikisika.

Amepiga saa moja. Dakika sita. Mitambo yao ya baridi haina shida, kasema, ni watu tu wanaoharibika.

Alhamisi, 28 Machi

Mahojiano.

Tumekaa saa nne kwenye viti vya chuma. Chiriku alishamaliza kuwahesabu watu, vigae na taa tulipoitwa. Afisa ni mwanamke wa makamo, yuko nyuma ya kioo, na pembeni yake binti mkalimani mwenye sauti ndogo. Mwanzo mambo yalikwenda. Tulifunga ndoa wapi, nani alikuwepo, mume hulala upande gani wa kitanda. Kisha akauliza nilijifungulia wapi. Uchungu ulichukua muda gani? Nani alikuwa nami?

Nikasema saa kumi na nne. Nikasema ilikuwa mchana, umeme umekatika, wakafungua madirisha yote. Nikasema niliomba maji nikanyimwa, nikamuuma nesi mkononi. Niliyasema yote bila kusita, kwa sababu yote ni kweli. Ni kwamba aliyelala pale alikuwa mdogo wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika miguu. Chiriku alinitazama ameachama mdomo. Hakuwa amewahi kusimuliwa.

Afisa akaandika, akaandika, kisha akasukuma karatasi chini ya kioo. Kipimo cha vinasaba, DNA, kwa wote watatu. Mimi na mtoto tupimwe huku, baba apimwe huko.

"Ni utaratibu tu," mkalimani akasema.



Jumamosi, 30 Machi

Amepiga saa tano asubuhi. Nilimweleza. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Upo?"

"Nipo. Hayo ya kupima tuyaache."

"Tukiyaacha viza hakuna."

"Njoo wewe peke yako kwanza. Wewe huhitaji kupimwa na mtu. Mtoto abaki na bibi yake, tutamfuata baadaye."

"Baadaye lini?"

"Mambo yakitulia."

Mtoto huyu ni yeye aliyemfundisha kutembea, akimshika vidole viwili. Nimekaa na simu mkononi kama mtu aliyepigwa kofi na mtu mwingine kabisa. Labda ni ile baridi. Labda mtu akikaa miaka mitatu kati ya nyama zilizoganda, na yeye huanza kuganda.

Jumatano, 3 Aprili

Katibu, niliyelazimika kumwambia ukweli, anasema damu ya dada na dada iko karibu sana, mashine inaweza isitofautishe. Sajenti, ambaye nimemweleza tulipokuwa tunakunja mashuka, anasema Katibu anajua kuchapa, hajui damu. "Nenda kawaambie mwenyewe. Ukisema mwenyewe, umekosea. Wakikugundua, umedanganya. Hayo ni mambo mawili, dada."

Najua anasema kweli. Lakini nikisema sikumzaa, karatasi yetu nzima inaanguka, na Chiriku anakuwa mtoto wa nani?

Jumanne, 9 Aprili

Nimemwambia Mama habari za kipimo. Tunaishi naye vyumba viwili, hakuna kinachofichika, ila hili nilikuwa nalizungukazunguka. Alikuwa anachambua mchele. Hakuuliza kuhusu mimi wala kuhusu mtoto.

"Na baba yake naye atapimwa?"

"Wote watatu, Mama."

Akasema anakwenda kuanua nguo. Kambani hapakuwa na nguo. Aliporudi, kitambaa cha kichwa kimelowa, akasema, "Safari yenyewe ya nini? Kwani hapa mnakula mawe?" Maskini, anaogopa kubaki peke yake.

Ijumaa, 12 Aprili

Simu yake imezimwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Imezimwa. Maji yameingia kwa jirani. Tumemsaidia kunyanyua magodoro.

Jumapili, 14 Aprili

Imezimwa.

Jumatano, 17 Aprili

Leo kapokea. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza, lakini kilichotoka hakikuwa kubembeleza. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyemwandikisha kwa jina lako. Hakuna aliyekushikia bunduki. Ukimkwepa leo, umemkwepa na marehemu mdogo wangu kaburini kwake."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Nitapima," akasema. "Ila ukumbuke ni wewe uliyetaka."

Nikashukuru. Nimeandika hapa kwamba nilishukuru.

Jumanne, 23 Aprili

Kliniki waliyotuelekeza. Hawakutoa damu, walipitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu. Chiriku akamuuliza daktari, "Kwa hiyo ukoo wote unakaa mdomoni?" Daktari akasema ndiyo, hasa kwa watu wanaoongea sana. Wamecheka wote wawili. Mimi nilikuwa nasali kwa kila jina la Mungu nilijualo, damu ya dada na dada iwe moja.

Alhamisi, 2 Mei

Hakuna jibu. Mvua. Mashuka hayakauki, tunayapiga pasi yakiwa mabichi, na chumba kizima kinanuka mvuke na dawa.

Jumatano, 8 Mei

Hakuna jibu. Mama amekuwa mkali kwa kila kitu, hata kwa paka wa jirani.

Jumanne, 14 Mei

Niandike taratibu.

Waliniita peke yangu. Chiriku alikuwa shule, na hilo nalishukuru. Ni afisa yuleyule, mkalimani yuleyule. Karatasi mbili mezani.

"Vipimo vinaonyesha wewe si mama mzazi wa mtoto huyu," mkalimani akasema. "Kuna undugu wa karibu kwa upande wa mama. Kama dada wa mama."

Basi nikapiga moyo konde, nikaanza: ni kweli, mdogo wangu alifariki, nilimchukua akiwa na siku tatu, nilidanganya kwa sababu...

"Subiri, mama. Hajamaliza. Baba amethibitika."

"Baba gani?"

"Baba wa mtoto."

"Baba wa mtoto hajulikani."

Mkalimani akamwangalia afisa, akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi. Nadhani yeye alielewa kabla yangu. Sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Mume wako, mama. Ndiye baba mzazi. Hakuna shaka yoyote."

Nikasema wamechanganya vijiti. Nikasema huyo alimwandikisha tu, ni moyo wake mzuri, hakumzaa. Nilimtetea! Nilisimama pale mbele ya kioo namtetea, mpaka nikasikia ninachosema.

Mengine niliyasikia kwa mbali. Ombi langu limekataliwa kwa kutoa taarifa za uongo, na siruhusiwi kuomba tena kwa miaka kumi. Habari njema, akasema, na alimaanisha kwa wema, ni kwamba mtoto ana haki ya kumfuata baba yake, pasipoti yake itakuwa tayari wiki ijayo.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Njiani nilihesabu kwa vidole kitu ambacho miaka yote hii sikuwahi kukihesabu. Mimba yangu iliharibika, wakanitoa kizazi, nikalazwa wiki tatu. Mdogo wangu alikuja kukaa nyumbani kwangu, ampikie shemeji yake, aniletee uji wodini. Kutoka wiki hizo mpaka siku ile niliyomshika miguu ni miezi tisa. Siku za mwisho alikuwa akileta uji anauweka kwenye kabati bila kuniangalia, nami nilidhani amechoka na harufu ya hospitali.

Mama alikuwa jikoni. Nilisimama tu mlangoni, sikuwa nimesema neno.

"Wamekuambia," akasema.

"Wewe ulijua."

"Aliniambia siku ya pili, kabla hajapoteza fahamu."

"Miaka minane, Mama. Nimekaa namsifu mtu yule mbele yako miaka minane."

"Ningekuambia ungebaki na nini? Kizazi umetolewa, mdogo wako amekufa. Nikuondolee na mume?"

Nikamuuliza nililoogopa kuliko yote. "Mdogo wangu alitaka?"

Mama aliacha moto uzime. "Aliniambia alimwambia, shemeji, mimi ni mdogo wa mkeo. Hivyo tu. Alilirudia mara mbili, shemeji, mimi ni mdogo wa mkeo."

Chiriku akaingia na begi la shule, anauliza kwa nini hakuna aliyepika.

Jumatano, 15 Mei

Amepiga saa kumi na mbili na nusu, kama kawaida yake. Dakika mbili.

"Shetani alinipitia," akasema.

"Huyo shetani alikaa wiki tatu nyumbani kwangu?"

"Mke wangu, nimemlea mtoto. Hilo huoni?"

"Umelea ulichokificha."

Nikakata. Kwa nini sasa anasema mke wangu? Miaka yote nilikuwa Mama Chiriku.

Alhamisi, 16 Mei

Nimeenda kazini. Nimefua.

Jumapili, 19 Mei

Mama ameondoka kwenda kwa mjomba. Sikumfukuza. Sikumzuia pia. Alifunga kanga zake kwenye fuko la plastiki, akasimama mlangoni akingoja niseme kitu, na mimi nikaendelea kuosha sufuria iliyokuwa safi. Nilidhani alikuwa anaogopa kubaki peke yake. Kumbe hata hofu za watu sijui kuzisoma.

Alhamisi, 23 Mei

Pasipoti ya Chiriku imekuja, viza imebandikwa ndani, mwisho wa kuingia nchini kwao ni tarehe 14 Juni. Amewaonyesha mtaa mzima. Amemuaga muuza duka. Ameniuliza yangu iko wapi, nikasema inachelewa.

Jumamosi, 1 Juni

Yule bwana amepiga. Simwandiki tena mume. Kasema, "Mtoto asikose maisha kwa ugomvi wetu. Huku kuna shule, kuna hospitali. Kaka yangu anakuja kumchukua Jumamosi ijayo, tiketi nimekata."

"Haendi."

"Kumbuka, kwenye karatasi zao mimi ni baba na wewe si mama."

Kweli kuna shule huko. Kuna hospitali ambazo msichana hafi kwa kifafa cha mimba. Siku nzima nimepima hayo kwenye kichwa changu, na kila nikifika mwisho nakuta jambo moja: nilishawahi kumwachia mtu huyu msichana ndani ya nyumba.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji mkubwa amekuja saa nne asubuhi, teksi inamngoja barabarani. Ni mtu wa heshima, mwalimu mstaafu, hajawahi kunikosea. Nilikuwa nimemtuma Chiriku kwa jirani. Nilisimama mlangoni, sikumkaribisha ndani.

"Shemeji, si vizuri hivi," akasema. "Ndugu yangu ameniambia mmegombana. Wakubwa wakigombana mtoto anahusikaje? Niitie mwanangu tuondoke, ndege haingoji mtu."

"Haendi, shemeji."

"Kwa sababu wewe umenyimwa? Umkomoe mtoto kwa sababu umenyimwa?"

Majirani walikuwa wameshatoka. Mmoja akasema kwa sauti, mwachie mtoto akapate maisha, roho mbaya hiyo. Nilitaka kunyamaza. Kwa miaka minane kila mtu katika nyumba hii alinyamaza kwa sababu nzuri.

"Ndugu yako hakukuambia kwa nini nimenyimwa," nikasema. "Nimenyimwa kwa sababu sikumzaa. Aliyemzaa ni mdogo wangu. Na aliyempa mimba ni ndugu yako, mimi nikiwa nimelazwa, na binti alimkatalia akamwambia yeye ni shemeji yake. Vipimo viko kabatini. Sasa niambie wewe, mwalimu, ungempandisha msichana kwenye ndege?"

Shemeji alivua miwani. Alitafuta pa kuegemea, akashika ukuta.

"Binti yule mdogo," akasema. "Yule aliyekuwa anakuletea uji."

"Huyohuyo."

Akageuka, akaenda zake mpaka kwenye teksi, hakuaga.

Nilipoingia ndani pazia la chumba cha pili lilikuwa linatikisika. Chiriku hakuwa amekwenda kwa jirani. Alikuwa amekaa sakafuni, viatu vya safari miguuni, begi mapajani.

Nilimwita. Nilimwita kwa majina yote. Hakujibu.

Jumatatu, 10 Juni

Hasemi. Anakula, anaoga, anakwenda shule. Mwalimu wake ameuliza kama anaumwa.

Jumatano, 12 Juni

Hasemi. Sajenti alimletea andazi na kumtania. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka mezani.

Nimemkinga mtoto na jambo moja, nikamchoma na jingine, tena mbele ya watu, kwa mdomo wangu mwenyewe. Sasa ndiyo nimeelewa Mama aliogopa nini. Kuelewa si kusamehe. Mjomba amepiga kusema Mama hali chakula vizuri.

Ijumaa, 14 Juni

Hakuna mvua siku ya nne. Leo mashuka yamekaukia nje.

Niliporudi kutoka kazini Chiriku alikuwa kitandani, pasipoti imefunguliwa mbele yake kwenye ukurasa wa viza.

"Leo ndiyo mwisho?" akauliza. Sauti ilikuwa inakwaruza, kama ya mtu aliyeamka.

"Leo ndiyo mwisho."

Akaifunga. "Ulisema Baba alimkosea aliyenizaa."

"Ndiyo."

"Na mimi nikazaliwa kwa hilo kosa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa hiyo mimi ndiyo kosa lenyewe?"

Nikapiga magoti pale nilipokuwa, bado nimebeba mfuko wa kazi. "Hapana. Kosa ni lake, yeye alikuwa mtu mzima. Wewe ulikuwa mtoto mwenye siku tatu, mwenye njaa."

Akaigeuza pasipoti mikononi.

"Na wewe ulipowadanganya wale kwamba ulinizaa, hilo kosa la nani?"

"Langu."

"Ungerudia?"

"Hata kesho asubuhi."

Hakucheka. Alisogea ukutani, akaacha kitandani nafasi ya mtu mmoja.